Kodi ya mafuriko Kaunti ya Harris: tumepigia kura jambo lile lile mara mbili?

Mtoto wa Likoni (Houston) ameuliza:

Ndugu zangu mlioko Marekani, na hasa mlioko Texas, naomba mnitoe tongotongo.

Nimeishi Houston tangu mwaka 2016, nikapata uraia mwaka 2022, na uchaguzi wa Novemba 2024 ulikuwa wa kwanza kwangu kumpigia rais kura. Nilikuwa nimejiandaa kwa wagombea wakubwa, lakini karatasi ya kura ya huku ni ndefu kama mkeka wa msikitini, majaji peke yao ni makumi, na nilipofika karibu na mwisho nikiwa nimechoka nikakutana na Pendekezo A la Wilaya ya Kudhibiti Mafuriko ya Kaunti ya Harris. Lilikuwa sentensi moja tu, ila ya kisheria na yenye tarakimu tano baada ya nukta: tuidhinishe kiwango cha kodi cha dola 0.04897 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni. Nikabonyeza ndiyo.

Sababu yangu haikuwa hesabu. Agosti 2017, tufani ya Harvey ilipotuangukia, nilikuwa nimepanga chumba cha chini upande wa kusini-magharibi mwa jiji, na maji yaliingia usiku kupitia chini ya mlango kimya kimya, bila kishindo, mpaka nilipoteremsha miguu kutoka kitandani nikakanyaga zulia lililokuwa linaelea. Mtu aliyeyaona hayo haulizwi mara mbili kama anataka mafuriko yadhibitiwe.

Sasa nina nyumba yangu, na bili ya kodi ilipokuja nilikaa nayo mezani na kuisoma mstari kwa mstari: kaunti, wilaya ya mafuriko, bandari, wilaya ya hospitali, elimu. Jirani yangu, mzee wa Kivietinamu aliyekaa mtaa huu miaka thelathini, akaniambia kuwa wao walikwisha kuidhinisha dola bilioni 2.5 za mafuriko mwaka 2018. Kama ni kweli, mwaka 2024 tuliombwa nini tena? Nimelipia mbuzi mmoja mara mbili, au ni mbuzi wawili? Na linapokuja pendekezo la namna hii siku nyingine, mtu asome kitu gani kabla ya kubonyeza?

---

Mhasibu wa Katy amejibu:

Kaka, ni mbuzi wawili, na jirani yako amesema kweli. Nitajaribu kuwatenganisha.

Kura ya kwanza ilipigwa tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja kamili tangu Harvey itue pwani ya Texas, na siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Katika kaunti hii nyumba zaidi ya 150,000 zilikuwa zimeingiwa na maji, na kumbukumbu ilikuwa bado mbichi. Wapiga kura waliulizwa kama kaunti iruhusiwe kukopa hadi dola bilioni 2.5 kwa kuuza hati fungani, na takriban asilimia 85 wakasema ndiyo. Zingatia neno "hadi". Fedha hizo hazikuingia benki siku iliyofuata. Kaunti hukopa kwa mafungu kadiri miradi inavyokuwa tayari, na deni pamoja na riba yake hulipwa kwa miaka mingi kutokana na kodi ya majengo. Mkopo wa aina hiyo ni wa kujenga: kununua ardhi, kuchimba mabwawa ya kushikilia maji ya mvua kwa muda, kupanua mikondo, kuinua madaraja yanayoziba njia ya maji, na kuwanunulia watu nyumba zao pale ambapo hakuna uhandisi utakaozinusuru.

Kura ya pili, ile yako ya 2024, haikuwa ya mkopo. Ilikuwa ya kiwango cha kodi cha mwaka, na lengo lake kubwa lilikuwa matengenezo: kukata nyasi, kuzoa tope lililojaa kwenye mikondo, kuziba kingo zilizomomonyoka, kuondoa miti iliyoanguka. Wilaya ya Mafuriko ilianzishwa na Bunge la Texas mwaka 1937, baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuizamisha Houston ya katikati, na leo inatunza mikondo yenye urefu wa kilomita zipatazo 4,000. Kila bwawa jipya lililochimbwa kwa mkopo wa 2018 linaongeza kazi ya kutunza. Ni sawa na mtu aliyejenga kwa mkopo wa benki halafu akashangaa kwamba paa nalo linataka rangi. Ongezeko hilo lilitarajiwa kuleta takriban dola milioni 113 zaidi kwa mwaka, na lilipita kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya kura. Kutoka asilimia 85 hadi kuponea chupuchupu ndani ya miaka sita: hapo ndipo unapoona Harvey ilivyofifia vichwani mwa watu.

Tukija kwenye mfuko wako, tuchukue nyumba ya dola 300,000 ambayo mwenyewe anaishi humo. Wilaya inampunguzia asilimia 20 ya thamani, kwa hiyo anatozwa kwa dola 240,000, yaani "mamia" 2,400. Zidisha kwa 0.04897 upate kama dola 117 na nusu kwa mwaka. Sehemu iliyozidi kiwango ambacho kingeweza kuwekwa bila kuwauliza wapiga kura ilikuwa dola 0.01581 kwa kila mia, na kwa nyumba hiyo ni dola 38 hivi kwa mwaka. Hizo dola 38 ndizo ulizozibonyezea.

Mpangaji naye asidhani hayamhusu. Jina lake halimo kwenye bili, lakini mwenye nyumba anapopanga kodi ya pango anaitazama bili hiyo hiyo.

---

Sikubali Haraka (Houston) amejibu:

Mhasibu ameeleza vizuri, nami sina ugomvi na hesabu zake. Mimi nilipiga hapana mwaka 2024, na ningependa mwenye swali asikie sababu zangu, kwa sababu huku anayesema hapana huonekana kama mtu asiyejali wanaozama. Nyumba yangu pia ilijaa maji.

Sababu ya kwanza ni historia ya maneno. Mwaka 2010 Jiji la Houston, na hapa nasema jiji, si kaunti, liliwauliza wapiga kura kama uanzishwe mfuko maalumu wa barabara na mitaro utakaolipa miradi kwa fedha taslimu badala ya kukopa. Lilisikika jambo la busara, na likapita kwa tofauti ndogo ya kura. Kilichokosekana katika maneno ya karatasi ni kwamba wenye majengo wangetozwa ada mpya ya maji ya mvua. Watu wakaenda mahakamani, na Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Texas ikaamua kwamba maneno yale hayakutosha, kwa kuwa yalinyamaza juu ya malipo ambayo mwananchi angebebeshwa. Ilibidi jiji lirudi kwa wapiga kura Novemba 2018, wakati huu kila kitu kikiwa kimetajwa, na watu wakakubali tena. Fundisho nililolipata ni kwamba sentensi iliyoko kwenye karatasi ndiyo mkataba. Vipeperushi, hotuba na mabango havimo ndani yake. Kama sentensi haisemi nani analipa, mpaka lini, na kwa kazi gani, basi unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sababu ya pili ni kwamba idhini ya kukopa si mradi uliokamilika. Bilioni 2.5 zilipangwa zikitegemea kwamba serikali ya shirikisho na ya jimbo zitaongeza fedha juu yake. Mwaka 2021 jimbo lilipogawa dola bilioni moja hivi za shirikisho za kujikinga na majanga, Houston na Kaunti ya Harris hazikupewa hata senti katika mgao wa kwanza, ingawa hapa ndipo Harvey iliharibu nyumba nyingi kuliko mahali pengine popote. Baada ya kelele kubwa kaunti ikatengewa dola milioni 750, na mwaka 2022 wizara ya nyumba ya shirikisho ikasema kwamba jinsi mashindano yale yalivyopangwa kuliwabagua watu weusi na Walatino. Wakati hayo yakiendelea, bei ya zege, udongo na vibarua ilikuwa ikipanda. Mwaka 2025 makamishna wa kaunti walikuwa bado wanabishana miradi ipi itangulie na ipi isubiri, kwa sababu fedha zilizobaki hazikutosha yote yaliyoorodheshwa.

Wala siwaiti wezi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeombwa fedha za pili ana haki ya kwanza kuonyeshwa za kwanza zimefika wapi, mkondo kwa mkondo. Orodha ya miradi hutangazwa hadharani; mwenye swali na aitafute, aangalie bonde lake. Kama yuko kusini-magharibi, kuna uwezekano mkubwa maji yake yanakwenda kwenye mkondo wa Keegans Bayou, kisha Brays Bayou. Na hapa nikiri jambo linalodhoofisha hoja yangu: Brays ni mahali ambapo kazi ilifanyika kweli, kwa ushirikiano na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, kwa karibu dola milioni 480, madaraja zaidi ya thelathini yakibadilishwa au kurefushwa. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini.

---

Baba Furaha (Cedar Rapids, Iowa) amejibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, na kwetu wenyewe Mulongwe ulikwisha kutufundisha mto unaweza kufanya nini. Aprili 2020 ulibomoa nyumba na kubeba watu. Lakini nitaongea juu ya mji huu ninaokaa, kwa sababu ndugu wa Houston mnajadili kura zilizopita, na hapa tuna mfano wa kura zilizoanguka.

Tarehe 13 Juni 2008 mto Cedar ulipanda hadi futi 31.12, ukafunika zaidi ya maili kumi za mraba katikati ya mji. Mimi sikuwepo, nilifika 2014, nikawakuta watu kazini wakikuonyesha ukutani, juu ya kichwa cha mtu mzima, maji yalikofika. Mwaka 2009 wapiga kura walikubali senti moja juu ya kila dola ya manunuzi, kwa miaka mitano na ushee, ili kusaidia nyumba zilizoharibika. Hiyo ilipita. Kisha Mei 2011 wakaombwa senti hiyo iendelee miaka ishirini kwa ajili ya kuta na matuta ya kuzuia mto. Wakakataa, kwa tofauti ndogo sana. Machi 2012 wakaombwa tena, safari hii miaka kumi tu. Wakakataa tena.

Nilivyosimuliwa na wenyeji, waliokaa mitaa ya juu hawakuona sababu ya kulipia mto ambao haujawahi kufika kwao, na wengine hawakuliamini baraza la jiji na fedha nyingi kiasi hicho. Mimi naongeza la tatu, ambalo watu wenye mishahara mizuri hawalisemi: kodi ya manunuzi humbana zaidi mwenye kipato kidogo. Anayenunua sabuni na viatu vya watoto wa shule anamaliza dukani sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya mshahara huo inakatwa. Kodi ya majengo angalau inatazama thamani ya nyumba.

Kilichonishangaza kinafuata. Novemba 2013 watu wale wale waliombwa senti ile ile, miaka kumi, kwa ajili ya kutengeneza barabara. Ikapita! Shimo la barabarani linamgonga mtu kila asubuhi akienda kazini, na mto unakuja mara moja katika miaka mingi.

Basi Septemba 2016 mto ukaja, ukafika kama futi 22, na kuta za kudumu zilikuwa bado ni kipande hapa na kipande pale. Jiji lilizungusha vikapu vikubwa vya waya vilivyojazwa mchanga, maili karibu kumi, kwa siku chache. Mimi na wenzangu wa kanisani tulijaza mifuko ya mchanga. Mmoja anashika mdomo wa mfuko, mwingine anachota kwa sepetu, na ukishajaa nusu unaufunga, maana ukijazwa kabisa haulali vizuri juu ya mwenzake. Ile siku mji uliponea kwa vikapu na mifuko. Baadaye, mwaka 2018, serikali ya shirikisho ikatoa zaidi ya dola milioni 100, jimbo nalo lilikuwa limekwisha kuahidi fungu lake, na sehemu ya jiji ikaamuliwa na baraza lenyewe kupitia mikopo na kodi ya majengo.

Kwa hiyo aliyekataa 2011 hakukwepa kulipa. Alibadilisha tu mfuko wa kulipia, na akangoja miaka mingine ukuta haujajengwa.

---

Salma wa Long Beach amejibu:

Kwa ufupi tu, kwa sababu kizingiti cha kura kinasahauliwa katika mazungumzo haya. Houston ilipita kwa nusu na ushee; hapa California isingepita. Kwa katiba ya jimbo, kodi maalumu inayopendekezwa na mamlaka za mitaa inataka theluthi mbili ya kura. Kaunti ya Los Angeles ilifika huko Novemba 2018 kwa pendekezo lililoitwa Hatua W (Measure W), iliyopata karibu asilimia 70: wenye mali wanatozwa senti 2.5 kwa mwaka kwa kila futi ya mraba ya eneo lisilonyonya maji, yaani paa, saruji na lami. Nyumba yenye futi za mraba 3,000 za namna hiyo inalipa dola 75. Mwenye bustani halipi kwa bustani yake, mwenye duka la vyakula mwenye uwanja mkubwa wa magari analipa kweli kweli, na wazee wa kipato kidogo wanaweza kuomba kusamehewa. Mimi naona kodi ya namna hiyo ina mantiki kuliko zote mlizotaja, kwani inamtoza mtu kwa maji anayoyasukumia wenzake. Baba Furaha, pole kwa Mulongwe.

---

Mtoto wa Likoni ameandika tena:

Nawashukuru nyote, hata Sikubali Haraka, ambaye nadhani amenisaidia kuliko anavyojua. Nimekwenda kwenye orodha ya miradi na nimejua kwamba bonde letu ni Brays, kama alivyobashiri. Hesabu ya Mhasibu nimeirudia kwa nyumba yangu, ambayo ni ndogo kidogo kuliko ya mfano wake, na imetoka dola 33.

Mbele yangu kuna jambo jingine. Mama yangu ameapishwa kuwa raia mwaka huu na amekwisha kujiandikisha. Anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza chake ni cha sokoni, na karatasi za kura za kaunti hii zinapatikana kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Pendekezo kama lile, lenye tarakimu tano baada ya nukta, atalisomaje peke yake? Sitaki abonyeze kwa kunifuata mimi, kama mimi nilivyobonyeza kwa kufuata zulia lililoelea.

---

Mhasibu wa Katy amejibu:

Shikamoo yetu umfikishie. Sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inamruhusu mtu asiyeweza kusoma lugha ya karatasi kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi tu asiwe mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Unaweza kuwa wewe, au binti yake. Msaidizi huapa kabla ya kuanza, na kazi yake ni kusoma, kufasiri na kubonyeza alichoambiwa, si kushauri. Kwa hiyo ushauri ufanyike nyumbani. Kabla ya uchaguzi kaunti hutoa mfano wa karatasi ya kura kwa kila anwani. Uchapishe, ukae na mama, umfasirie kila pendekezo polepole, mpaka aulize maswali yake yaishe.

Simu isiingie mkononi ndani ya chumba cha kura; Texas hairuhusu. Karatasi yenye maandishi yake inaruhusiwa. Mama yangu mkubwa alikwenda na yake ameikunja mara nne ndani ya kanga, ameandika kwa Kiswahili: "A, matengenezo ya mitaro, si mkopo", na mbele yake jibu lake, ambalo mpaka leo amekataa kutuonyesha.

Jambo la mwisho, na ni zito: kama nyumbani kwenu yuko mwenye kadi ya kijani ambaye bado hajaapishwa, asijiandikishe hata akipewa fomu dukani na mtu mwenye tabasamu. Kwa asiye raia kupiga kura katika uchaguzi kama huu ni kosa linaloweza kumrudisha kwao.

---

Mtoto wa Likoni ameandika tena:

Nimemsomea mama majibu haya yote baada ya chakula. Ameniuliza swali moja ambalo nimeshindwa: nyasi za kando ya mkondo hukatwa mara ngapi kwa mwaka? Nimemwambia nitatafuta. Kesho asubuhi anataka nimpeleke akauone mkondo wenyewe.